Kabla ya kuchagua jina la godoro, lipandishe kwenye mizani

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu, naishi Tabata, Dar es Salaam. Godoro letu la futi 5 kwa 6 limefanya bonde katikati. Mume wangu ana kilo 98, mimi 64. Akishalala namporomokea, na asubuhi naamka kiuno kimekaza. Tumetenga fedha tununue jipya mwisho wa mwezi. Nimezunguka Kariakoo mpaka nimechanganyikiwa: huyu ananiambia godoro la Tanfoam, huyu la Dodoma, mwingine la GSM, na jirani yangu anasema yote hayo niachane nayo, nichukue la springi kutoka nje. Kwa inchi 8 nimetajiwa bei kuanzia shilingi 290,000 hadi 380,000. Nichukue lipi? Na hili la zamani, nilitandike chini ya jipya ili kitanda kiinuke kidogo?

JIBU: Marahaba, mwalimu, na pole kwa kiuno. Nianze na jibu lenyewe, maelezo yatafuata. Kwa uzito wenu wawili, nunueni godoro la sponji la inchi 8 lenye densiti isiyopungua 28, na mkiweza 30 au zaidi, lenye ugumu wa wastani. Kabla ya kutoa hata senti, kagueni chaga za kitanda chenu. Jina la kiwanda liwe jambo la mwisho kuamua, tena liamuliwe na ukaribu wa wakala na masharti ya waranti.

Najua ulitaka nikutajie jina moja. Sitafanya hivyo, na sababu si kuogopa mtu. Kiwanda cha sponji hakitoi godoro la aina moja. Kinatoa jepesi la bei ya chini kwa ajili ya bweni na mgeni, kinatoa la kati, na kinatoa zito la bei kubwa, na mara nyingi yote matatu yanavaa kitambaa chenye nembo ileile. Tofauti kati ya daraja la chini na la juu la kiwanda kimoja ni kubwa kuliko tofauti kati ya viwanda viwili kwenye daraja moja. Ndiyo maana shoga yako analisifu jina fulani na dada yako analilaani jina hilohilo, na wote wawili wanasema kweli. Walinunua vitu viwili tofauti.

Sasa densiti ni nini? Ni uzito wa sponji kwa kila mita moja ya ujazo. Ukisikia densiti 30, maana yake mita moja ya ujazo ya sponji hiyo ina uzito wa kilo 30. Ili uelewe kwa nini nang'ang'ania namba hii, lazima ujue sponji inavyopikwa. Kiwandani huchanganywa kemikali mbili kubwa, polioli na TDI, pamoja na maji kidogo na viungo vingine vya kusaidia. Maji yakikutana na TDI hutoa gesi ya kabonidayoksaidi, na gesi hiyo ndiyo inayoumua mchanganyiko, kama hamira inavyoumua unga wa maandazi. Dakika chache tu zinatosha pipa la kimiminika kugeuka bonge kubwa la sponji. Bonge hilo hutoka na joto kali ndani yake, kiasi kwamba likirundikwa kabla halijapoa linaweza kujiwasha lenyewe, kwa hiyo hulazwa peke yake mpaka siku ya pili. Baada ya hapo hukatwa kwa wembe mrefu: inchi 4, 6, 8, 10.

Ukiumua mchanganyiko sana, unapata bonge kubwa kwa kemikali kidogo. Linapendeza macho, ni jepesi, na kuta za vitundu vyake ni nyembamba. Mtu wa kilo 98 akizilalia usiku kucha, kila usiku, kuta hizo huchoka na kukatika, na pale kwenye nyonga panapobeba uzito mwingi ndipo panapodidimia kwanza. Hilo ndilo bonde lenu. Sponji yenye kemikali nyingi kwa ujazo uleule ina kuta nene na inakuwa nzito, na hurudi kila unapoinuka, mwaka wa kwanza na hata wa sita. Kemikali hizo huagizwa kutoka nje kwa dola, na ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya gharama ya godoro. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni hili: humu ndani kuna kilo ngapi za sponji?

Wengi watakujibu "hii ni haidensiti, dada" na kuishia hapo. Maneno hayo peke yake hayana uzito wowote, maana kila duka lina haidensiti yake. Omba namba. Kama muuzaji hana namba, kokotoa mwenyewe. Wewe ni mwalimu, hesabu hii haitakushinda.

Chukua urefu na upana kwa futi, zidisha kwa unene wa inchi, kisha gawa kwa 12. Hapo umepata futi za ujazo. Godoro lenu la 5 kwa 6 kwa inchi 8: tano mara sita ni thelathini, mara nane ni 240, gawa kwa 12 unapata futi 20 za ujazo. Mita moja ya ujazo ina futi za ujazo zipatazo 35, kwa hiyo godoro lenu ni mita za ujazo 0.57. Sasa lipime uzito. Toa kilo moja na nusu hivi za kitambaa, au kilo mbili kama kimeshonewa pamba nene juu na chini. Zinazobaki zigawe kwa 0.57. Likitoka na kilo 10 za sponji, densiti ni 18 hivi. Kilo 14 ni densiti 25. Kilo 17 ni densiti 30. Ukitaka njia ya mkato ya kukumbuka sokoni, kila futi moja ya ujazo ya sponji ya densiti 30 ina uzito wa karibu gramu 850.

Kupima si kazi ngumu. Maduka mengi ya Kariakoo yana mizani ya mzigo, na kama la magodoro halina, la jirani anayeuza nafaka au nguo za mtumba kwa kilo linayo. Mizani ya kupimia watu nayo inafaa: mume wako apande peke yake, asome, kisha apande amekumbatia godoro lililokunjwa, asome tena, tofauti ndiyo uzito wa godoro. Muuzaji mwenye mali nzuri hatakataa. Anayekataa godoro lake lisipimwe, muage kwa heshima uende duka lingine.

Beba na tepu pia. Pima unene kwenye sponji yenyewe, usipime mpaka juu ya mshono wa kitambaa. Nimeona magodoro yaliyoandikwa inchi 8 yakiwa na sponji ya inchi 7 na kidogo, na pamba iliyoshonewa kwenye kava ndiyo inayojazia. Unalipia inchi nane, unalalia saba.

Hapa nikuonyeshe jambo linalowakwaza wanunuzi wengi. Watu hukimbilia inchi. Wakikuta godoro la inchi 10 kwa bei ya la inchi 8 wanaona wameokota dodo. Lakini la inchi 10, 5 kwa 6, lenye densiti 20, lina kilo 14 za sponji. La inchi 8 lenye densiti 30 lina kilo 17. Hilo la inchi 8 litabaki sawa muda mrefu baada ya la inchi 10 kuwa limeshafanya shimo. Unene una maana pale tu sponji yenyewe ni nzuri. Hata bei zako za 290,000 na 380,000 zinabadilika sura ukizitazama hivi. Tuseme la bei ya chini lina kilo 11 za sponji na la bei ya juu lina kilo 17. La kwanza umelinunua kwa shilingi 26,000 na ushee kwa kilo, la pili kwa 22,000 na ushee. Lililoonekana ghali ndilo rahisi.

Kwa uzoefu wangu, densiti 18 kushuka chini ni ya mgeni wa siku mbili au mtoto mdogo. Kati ya 20 na 24 inamfaa mtu mmoja mwepesi. Watu wawili wazima wanaolala juu yake kila siku waanzie 25, na mmoja wao akivuka kilo 90, kama kwenu, 28 ndipo pa kuanzia na 30 ndipo penye amani.

Mizani nayo inaweza kudanganywa, na lazima niliseme hili. Wapo wanaochanganya unga wa chokaa kwenye sponji wakati wa kuimimina. Uzito unaongezeka, nguvu haiongezeki; sponji inakuwa dhaifu zaidi na humeguka mapema. Ndiyo maana nakuomba ununue godoro lenye zipu, ufungue kona moja, uitazame sponji uso kwa uso. Ifikiche kati ya vidole viwili: isitoe unga wala chembe. Vuta kipande kidogo cha ukingo kwa upole: kivutike na kurudi, kisikatike kama mkate mkavu. Bonyeza ngumi mpaka chini, iachie: irudi papo hapo bila kuacha alama. Tazama pia kama ni kipande kimoja tangu juu hadi chini. Ukikuta vipande vimegundishwa katikati bila muuzaji kukueleza, jua umeuziwa mabaki.

Yapo pia magodoro yanayotengenezwa makusudi kwa mabaki ya sponji yaliyosagwa na kugandishwa kwa gundi. Utayatambua kwa rangi zake mchanganyiko, na ni mazito kweli, densiti yake inapita 60 kwa urahisi, kwa hiyo hesabu yangu ya juu haiyahusu. Ni magumu mno kulaliwa yenyewe. Yanafaa kuwa tabaka la chini, likiwekewa juu yake sponji laini ya inchi mbili au tatu. Mara nyingi ndiyo yanayouzwa kwa jina la othopediki.

Tuje kwenye kiuno chako, maana hapo ndipo maneno ya wauzaji yanapoumiza watu. Densiti na ugumu ni vitu viwili. Sponji nzito inaweza kutengenezwa laini, na sponji nyepesi inaweza kutengenezwa ngumu ili ikudanganye dukani. Ukibonyeza kwa kiganja ukaona "hili gumu, hili imara", umepima ugumu tu, hujapima uimara.

Tena si kweli kwamba mgongo unaouma unahitaji godoro gumu kama sakafu. Mwaka 2003 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Uhispania kwa watu 313 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu yasiyo na chanzo maalumu. Nusu walipewa magodoro magumu, nusu ya ugumu wa wastani, bila wao kuambiwa wamepata lipi. Baada ya siku 90, waliolalia ya ugumu wa wastani walikuwa na nafuu kubwa zaidi, kitandani na wakati wa kuamka. Ukilala ubavu kwenye godoro gumu mno, bega na nyonga hubeba mwili wote na kiuno kinabaki kinaning'inia. Kwenye laini mno, nyonga inazama na mgongo unapinda upande wa pili. Hilo neno othopediki kwenye kava halina daktari nyuma yake. Ni neno la biashara, kiwanda chochote kinaweza kuliandika.

Kwa hiyo mkifika dukani laleni, nyote wawili, kwa wakati mmoja, viatu pembeni, jinsi mnavyolala nyumbani. Msione haya. Mnataka kutoa laki tatu na nusu kwa kitu mtakachokilalia kila usiku kwa miaka, na robo saa ya kukilalia dukani ni haki yenu. Wewe ukilala chali, mume wako apitishe kiganja chini ya kiuno chako. Kikipita bila kugusa kitu, godoro ni gumu kwako. Kikikwama kabisa, limezama. Kikipita huku kikigusa mwili na godoro, hapo ndipo. Kisha ulale ubavu, naye akutazame kwa nyuma: uti wa mgongo uwe umenyooka tangu shingoni. Yeye ni mzito kwako kwa kilo 34, atazama zaidi. Mkitofautiana, chukueni lile linalombeba yeye bila kumzamisha, na wewe uongeze shuka nene au tabaka laini la juu upande wako. Kumbuka pia sponji mpya hulegea kidogo miezi ya mwanzo, kwa hiyo lililo gumu kidogo kuliko upendavyo leo litakuwa sawa baadaye.

Neno moja la afya, kisha niliache. Kiuno kinachokaza asubuhi na kulegea ukishatembea tembea, mara nyingi godoro linahusika. Lakini maumivu yakishuka mguuni na kuleta ganzi au udhaifu, ukipata ganzi sehemu za siri, mkojo ukikushinda, ukipata homa, ukikonda bila sababu, au yakianza baada ya kuanguka, nenda hospitali usisubiri mwisho wa mwezi.

Chaga. Nimeziacha mpaka hapa, lakini ndizo zinazonifanya niwe mkali. Vitanda vingi vya mbao tunavyonunua, hata vizuri vya kuchonga, vina chaga sita au saba nyembamba kwa futi sita nzima, na katikati hakuna kitu kinachozibeba. Sponji inaingia kwenye nafasi baina ya chaga, inakatika kwa chini, na wewe unalaumu kiwanda. Fanya jaribio hili kabla hamjanunua chochote: litoeni godoro la sasa, mlilaze sakafuni palipofagiwa, mlale hapo siku mbili tatu. Bonde likipungua sana na kiuno kikapata nafuu, kosa kubwa ni la kitanda. Likibaki vilevile, godoro limekwisha.

Hata likiwa limekwisha, rekebisheni kitanda kwanza. Mkilaza jipya la densiti 30 juu ya chaga zilezile, mmetupa fedha. Nafasi kati ya chaga na chaga isizidi inchi tatu. Chaga zikipinda mkono ukizikandamiza, zibadilishwe. Kitanda cha futi 5 kinahitaji ubao mmoja wa katikati kutoka kichwani hadi miguuni, wenye mguu unaogusa sakafu. Fundi yeyote wa Keko, au hata wa mtaani kwenu, anamaliza kazi hiyo kwa muda mfupi na gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na bei ya godoro. Msifunike chaga kwa plaiwudi nzima isiyo na matundu. Kwa joto na unyevu wa Dar, jasho linakwama chini na ukungu unaota.

Jirani yako na springi. Hajakosea kusema springi nzuri ni nzuri. Kuna aina mbili kubwa: zile zilizounganishwa pamoja kwa waya, mmoja akigeuka mwenzake anatikiswa, na zile ambazo kila springi ina kifuko chake cha kitambaa, hizi hazimsumbui mwenzako na zinamfaa mtu mzito. Ukilipata la vifuko, lenye sponji nzuri juu, dukani ambako unaweza kulilalia, ni chaguo halali. Wasiwasi wangu ni wa pwani. Hewa yetu ina unyevu na chumvi, springi za madini hafifu hushika kutu na kuanza kulia, na likishaharibika hakuna fundi wa kulitengeneza. Lile linalokuja limefungwa ndani ya boksi, limeviringishwa, huwezi hata kulikagua kabla hujalipa. Kwa bajeti yenu, springi za bei hiyo zitakuwa za daraja la chini, na nitachukua sponji ya daraja la juu kuliko springi ya daraja la chini bila kusita.

Memori fomu nayo mtaonyeshwa. Ilianzia kwenye utafiti wa viti kwa ajili ya NASA mwaka 1966, na inafanya kazi kwa kulainika ikipata joto la mwili. Sehemu za baridi ni raha kubwa. Chumba cha Tabata mwezi wa Januari, feni inazunguka hewa ya moto, itakukumbatia na kukutoa jasho. Ipite.

Waranti isomwe kabla ya kulipa, isisubiri siku ya ugomvi. Miaka 10 iliyoandikwa kwa herufi kubwa haitoshi. Uliza: bonde likifika kina gani ndipo mnabadilisha, na kinapimwaje? Mnabadilisha zima au tunachangia kadiri miaka inavyosonga? Nani anabeba gharama ya kulipeleka? Waranti nyingi hufa godoro likiwa na madoa ya maji au mkojo, likichanwa lebo, au likilazwa kwenye kitanda kibovu, ndiyo sababu nyingine ya kurekebisha chaga. Dai risiti ya mashine ya EFD yenye jina la bidhaa na saizi, ipige picha siku hiyohiyo, maana wino wake hufutika. Lebo iwe na alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Nunua kwa wakala anayetambuliwa na kiwanda, kwa sababu kava zenye majina makubwa hushonwa pia mitaani na kuvishwa sponji isiyojulikana ilikotoka. Ukigundua umeuziwa bandia, Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoshughulikia bidhaa za namna hiyo.

Likishafika nyumbani, toa nailoni yote. Najua watu wanaiacha ili godoro libaki jipya, lakini inafungia jasho ndani na kuozesha kitambaa. Kama mna mtoto anayekojoa, nunueni kava lisilopitisha maji. Dirisha liwe wazi siku ya kwanza harufu ya kiwandani itoke. Kila baada ya miezi miwili au mitatu lizungusheni, kichwani kuwe miguuni, ili nyonga zisikae sehemu moja miaka yote.

Na jua. Bibi zetu walianika magodoro ya sufi juani, walifanya sawasawa kabisa: sufi likipata jua hukauka na kufura. Sponji ni kinyume chake. Jua kali huibadilisha rangi kuwa ya manjano, kisha huanza kumeguka chembe chembe. Lianikeni kivulini, penye upepo, likiwa na kava lake. Moto uwe mbali nalo zaidi ya kitu chochote chumbani. Sponji hushika haraka na moshi wake ni sumu inayoua kabla miali haijakufikia, kwa hiyo dawa ya mbu ya kuchoma na mshumaa visikae karibu na kitanda wala chandarua.

Jumamosi ya kununua, basi, nendeni wawili, asubuhi kabla hamjachoka, mkiwa na tepu na simu ya kukokotolea. Kwenye kila duka ombeni daraja lao la juu la 5 kwa 6 kwa inchi 8, fungueni zipu, pimeni, laleni. Andikeni uzito na bei. Majina mawili yakitoka na densiti ya karibu sawa na yote yamewabeba vizuri, chukueni la wakala aliye karibu na Tabata ambaye waranti yake mmeielewa. Fedha zikipelea, punguzeni inchi, msipunguze densiti: inchi 6 ya densiti 30 juu ya chaga zilizosimama vizuri itawafaa kuliko inchi 8 ya densiti 20.

Kuhusu la zamani kuwa chini ya jipya: hapana, mwalimu. Bonde la chini litahamia juu, jipya litajikunja kulifuata, na kampuni itakuwa na haki ya kukataa waranti. Mkitaka kitanda kiinuke, fundi aongeze urefu wa matendegu. La zamani lina kingo ambazo hazijalaliwa sana. Kateni sehemu nzima kwa kisu kirefu chenye makali, mtapata mito ya viti na kilalio cha mtoto cha mchana, na ile ya katikati iliyokufa muitupe.